Mnyonge Achague cha Kuachia

Rubavu ina timu mbili katika ligi kuu ya Rwanda, Etincelles na Marines, na zote hucheza nyumbani katika uwanja wa Umuganda. Kwa hiyo mtoto anayekulia hapa Gisenyi, kando ya ziwa Kivu, hupata elimu ambayo shabiki wa timu kubwa za Kigali huikosa. Tangu akiwa mdogo anaipenda timu ambayo siku nyingi ikiingia uwanjani haitarajiwi kushinda. APR wakija, wanakuja mabingwa: tangu msimu wa 2019-20 hadi ule wa 2024-25 ubingwa wa ligi haukutoka mikononi mwao. Rayon Sports wakija, sehemu kubwa ya majukwaa hugeuka buluu na nyeupe, na wengi wa waliovaa rangi hizo hawakusafiri kutoka Kigali. Ni majirani zetu, watu wa soko moja na msikiti mmoja nasi. Timu ya nyumbani inajikuta ugenini katika uwanja wake yenyewe.

Nimeyaishi hayo kwa njia tatu: kama mchezaji wa timu za mtaa, kama shabiki wa miaka mingi, na sasa kama mtu anayewafundisha vijana jioni wakitoka shule. Katika hayo yote nimejifunza jambo moja ambalo ningependa kila kocha wa timu ndogo alijue kabla hajapanga kikosi. Timu dhaifu inaposhindwa na timu kubwa, watu husema ilizidiwa uwezo, na mara nyingi ni kweli. Lakini nimeona mechi nyingi zilizopotea kwa sababu nyingine kabisa: timu dhaifu ilitaka kulinda kila kitu. Haikuchagua cha kuachia, na asiyechagua cha kuachia huchaguliwa na mwenye nguvu.

Somo hilo nililipata kwa mwalimu wa timu yetu ya mtaa. Alikuwa mtu mzima, fundi wa kazi za mikono, ambaye hakuwa na cheti chochote cha ukocha. Uwanja wetu ulikuwa wa udongo mweusi wa volkeno, wenye vijiwe vilivyochubua magoti, na mlima Rubavu ukituangalia kwa juu. Katika mashindano ya likizo tulipangiwa timu ya vijana waliokuwa wakifanya mazoezi kila siku, wenye viatu vizuri na makocha wawili. Siku moja kabla ya mechi kila mmoja wetu alikuwa na ahadi yake. Huyu alisema atamkaba winga wao asimwachie hata pumzi. Yule alisema atawazuia wasipige krosi hata moja. Kipa aliapa kwamba hakuna shuti litakalopita.

Mwalimu alitusikiliza mpaka tukamaliza, kisha akachukua kijiti.

"Mmesema mtazuia pembeni, mtazuia katikati, mtazuia mashuti na mtazuia krosi," alisema. "Hata wao hawana watu wa kutosha kufanya yote hayo. Sasa niambieni: tutawaachia nini?"

Tulitazamana. Mmoja wetu akauliza, "Mwalimu, tukiwaachia kitu si watatufunga?"

"Watatufunga tusipochagua wenyewe. Mtu akikuzidi nguvu, kuna kitu lazima akichukue. Heri achukue kile ambacho hakikuumizi sana."

Akachora uwanja katika udongo. Pembeni, karibu na mstari, alisema, wachukue. Krosi inayopigwa kutoka mbali, mabeki na kipa wanaiona ikija. Wana nafasi ya kujipanga na kuruka. Nusu ya uwanja wao wenyewe, wachukue pia. Wapigiane pasi huko mpaka wachoke. Lakini pale mbele ya kumi na nane, katikati, mahali ambapo mtu akigeuka na mpira anaona lango lote, hapo asipokee mtu. Mimi nilikuwa namba sita. Kazi niliyopewa ilikuwa kusimama mbele ya mabeki wawili wa kati na kutoufuata mpira ukienda pembeni, hata moyo ungenituma vipi. Ilikuwa kazi ngumu kuliko kukimbia. Mpira unapita mita chache kutoka ulipo, mashabiki wanakupigia kelele uende, na wewe unabaki mahali pako kwa sababu ukiondoka mlango unabaki wazi.

Kipindi cha kwanza mpira ulikuwa wao karibu muda wote, na bado hawakufunga. Krosi zilikuja nyingi, kipa wetu akizidaka moja baada ya nyingine, na kila aliyodaka ilimwongezea urefu. Kipindi cha pili tulipata kona, beki wetu akaunganisha kwa kichwa, tukaongoza. Hapo ndipo somo la pili lilipokuja. Bila mtu yeyote kutoa amri, timu nzima ilirudi nyuma hatua kwa hatua mpaka tukawa tumejazana ndani ya boksi letu. Mahali pale mbele ya kumi na nane, tulipopafunga kwa muda mrefu, pakabaki bila mtu. Bao la kusawazisha lilitokea hapo hapo, kwa shuti la mtu aliyegeuka bila kuguswa. Tukamaliza kwa sare ya 1-1, na watu wa mtaa wakatubeba kama washindi. Mwalimu alitupongeza, kisha akatuambia neno ambalo nimelirudia kwa vijana wangu tangu nianze kufundisha: "Bao mlilofunga ndilo lililowarudisha nyuma."

Nimeliona hilo likitokea katika viwanja vya kila kiwango. Timu ndogo hujiandaa kuzuia, lakini haijiandai kuongoza. Ikiwa 0-0 inajua la kufanya. Ikipata bao, inaona ina kitu cha kupoteza, na hofu inaingia. Mpango uliokuwa umefanya kazi unaachwa dakika ile ile ulipoonyesha matunda. Ndiyo maana katika mazoezi yangu huwa nasimamisha mchezo na kusema: sasa tunaongoza 1-0, zimebaki dakika chache, onyesheni mtakavyosimama. Mstari wa mabeki ubaki pale pale ulipokuwa tukiwa sare. Usishuke.

Wanyarwanda wa rika langu walipata darasa kubwa zaidi mwaka 2003. Amavubi, timu yetu ya taifa, walikuwa kundi moja na Ghana na Uganda kuwania tiketi ya Kombe la Mataifa ya Afrika la 2004 nchini Tunisia. Rwanda ilikuwa haijawahi kufika huko, na Ghana ilikuwa imeshalitwaa kombe hilo mara nne. Tuliifuata safari ile kwa redio. Mwezi wa Juni Rwanda ilikwenda Kampala ikashinda 1-0, mfungaji Jimmy Gatete. Mwezi wa Julai Ghana ikaja uwanja wa Amahoro, Kigali, ikafungwa 1-0, mfungaji Jimmy Gatete tena. Mabao mawili katika mechi mbili, na upande wetu halikuingia hata moja. Mji mzima ulitoka nje usiku ule.

Nilichojifunza kwa Amavubi wa 2003 ni hesabu ya mnyonge. Timu kubwa inaweza kukosa nafasi tano na bado ikashinda, kwa sababu ya sita na ya saba zinakuja. Timu ndogo inapata moja, pengine mbili. Kwa hiyo inahitaji mtu ambaye nafasi moja inamtosha, na inahitaji kuhakikisha bao hilo moja lina thamani, yaani nyuma pafungwe. Gatete alikuwa mtu wa namna hiyo. Timu ndogo nyingi hufanya kinyume: humweka mchezaji wake bora nyuma asaidie kukaba, halafu nafasi ile moja inapotokea inamwangukia mtu asiyejua kuimalizia.

Kocha wa Rwanda wakati huo alikuwa Ratomir Dujković, Mserbia. Ghana waliofungwa naye Kigali ndio waliokuja kumwajiri, na mwaka 2006 akawapeleka kwenye Kombe la Dunia lao la kwanza, Ujerumani. Wakubwa wenyewe walitambua kwamba ushindi ule ulikuwa na akili nyuma yake. Huko Tunisia mwaka 2004, Rwanda ilifungwa na wenyeji 2-1, na wenyeji hao ndio waliochukua kombe. Ikatoka sare ya 1-1 na Guinea, ikaifunga Kongo 1-0 kwa bao la Said Abed Makasi, kisha ikarudi nyumbani na pointi nne. Hapa mpakani, ambako mtu wa Gisenyi na mtu wa Goma wanasalimiana kila asubuhi kwa Kiswahili kimoja, mechi ile ya Kongo inazungumzwa mpaka leo.

Miaka kumi na miwili baadaye Afrika ilikuja kwetu. Mashindano ya CHAN ya 2016, yale ya wachezaji wanaocheza ligi za nchi zao, yalifanyika Rwanda, na mechi nyingi za kundi D, la Mali, Zambia, Uganda na Zimbabwe, zilichezwa Umuganda kwenye nyasi bandia. Kwa sisi tuliozoea kuutazama uwanja ule kwa mechi za ligi, ilikuwa nafasi ya kuona kwa macho, bila televisheni kutuchagulia cha kutazama. Uganda walitoka sare ya 2-2 na Mali, na Mali hao wakafika fainali. Katika robo fainali Guinea walikutana na Zambia, waliokuwa wamemaliza vinara wa kundi hilo. Dakika mia moja na ishirini ziliisha bila bao, na Guinea wakapita kwa mikwaju ya penalti.

Ukikaa jukwaani unaona kitu ambacho kamera inakuficha: umbali kati ya mtu na mtu. Timu inayojilinda vizuri inasogea yote kwa pamoja, kama watu waliofungwa kamba moja kiunoni. Beki wa kulia akipanda hatua tatu, wa kushoto anaingia ndani hatua tatu. Timu inayojilinda vibaya ina mabeki wanaorudi na viungo wanaosimama, na katikati yao pana uwazi ambao mchezaji mzuri anaunusa mara moja. Niliwaambia vijana niliokuwa nao: acheni kuutazama mpira kwa dakika tano, watazameni watu wasio na mpira. Dakika tano hizo zinamfundisha mtoto kuliko mwezi wa maelezo.

Na penalti zile zilinifundisha kwamba mnyonge anayeipeleka mechi mpaka mikwaju lazima awe amejiandaa kwa mikwaju. Zanzibar wanalijua hili. Katika Kombe la Mapinduzi la Januari 2024, APR yetu iliitoa Yanga katika robo fainali kwa mabao 3-1, na Kigali ikaanza kuota kombe. Nusu fainali wakakutana na Mlandege, timu ya visiwani ambayo bajeti yake haiwezi kuwekwa mizani moja na ya APR wala Simba wala Yanga. Mlandege wakawatoa kwa mikwaju ya penalti, kisha fainali wakaifunga Simba 1-0 na kulibeba kombe kwa mwaka wa pili mfululizo. Mdharau mwiba mguu huota tende. Lakini Mlandege hawakubebwa na dharau ya wenzao peke yake. Timu inayorudia jambo hilo hilo miaka miwili ina maandalizi.

Hapa lazima niseme kuhusu kupaki basi, yaani timu nzima kujazana nyuma, maana ndilo neno watu wanalokimbilia wakisikia timu ndogo inakwenda kucheza na kubwa. Kupaki basi bila njia ya kutoka ni kuahirisha kipigo. Mpira ukipigwa mbele ovyo na usipate mtu wa kuushika, unarudi baada ya sekunde chache, na mabeki hawajapata hata pumzi. Baada ya dakika sitini akili inachoka kabla ya miguu, na akili ikichoka ndipo mtu anaposahau kumfuata mtu wake kwenye kona. Kwa hiyo ukishachagua cha kuachia, chagua pia mahali pa kutokea: mshambuliaji mmoja mwenye nguvu ya kuushikilia mpira mpaka wenzake wafike, au winga mwenye mbio anayebaki juu hata kama tunazidiwa nyuma. Kumwacha mtu mbele kunaonekana kama anasa. Ukweli ni kwamba kunawalazimisha mabeki wawili wa mkubwa wabaki nyumbani, na hao ni wawili ambao hawatakuja kukushambulia.

Wavuvi wetu wa sambaza, wale samaki wadogo wa hapa Kivu, hutoka usiku na taa. Hawakimbizani na samaki katika ziwa lote. Wanawasha taa, wanasubiri, na samaki wenyewe wanakuja juu ya wavu. Timu ndogo yenye akili hufanya hivyo: inamwita mkubwa aje mbele, aje na mabeki wake wa pembeni, apande mpaka nyuma yake pabaki wazi, ndipo wavu unyanyuliwe. Lakini wavu lazima uwepo. Taa bila wavu ni kuwalisha samaki.

Dunia iliona mfano mkubwa wa hili Qatar mwaka 2022. Moroko walimwachia Uhispania mpira karibu robo tatu ya muda, hawakumwachia nafasi za kufunga, na wakamtoa kwa penalti. Mpaka wanafika nusu fainali walikuwa wameruhusu bao moja tu, nalo walijifunga wenyewe dhidi ya Kanada. Katika mashindano hayo hayo Saudia walichagua njia iliyo kinyume kabisa. Dhidi ya Argentina ya Messi hawakurudi nyuma. Walipandisha mstari wa mabeki juu sana, wakaiachia Argentina uwanja mkubwa nyuma yao, na kutegemea kuotea. Kipindi cha kwanza Argentina walifunga mabao matatu yaliyokataliwa kwa kuotea. Kipindi cha pili Saudia wakafunga mawili wakashinda 2-1, na Argentina hao ndio waliokuja kuwa mabingwa wa dunia. Moroko waliachia mpira, Saudia waliachia nafasi nyuma ya mabeki. Njia mbili tofauti, kanuni moja: kila timu ilijua inaachia nini, na wachezaji wote kumi na mmoja walikubaliana.

Karibu nasi zaidi wako Wakomoro. Katika Kombe la Mataifa ya Afrika lililochezwa Kameruni Januari 2022, mara yao ya kwanza kabisa, waliifunga Ghana 3-2 na kuitoa mashindanoni. Hatua iliyofuata walikutana na wenyeji, Kameruni, wakiwa hawana kipa hata mmoja wa kumweka langoni. Beki wa kushoto, Chaker Alhadhur, alivaa glavu. Mapema kabisa nahodha wao akapewa kadi nyekundu. Wengine wangekaa kumi ndani ya boksi na kuomba dakika ziishe. Komoro waliendelea kucheza mpira wao, Youssouf M'Changama akafunga kwa mpira wa adhabu kutoka mbali, na wakafungwa 2-1 tu. Nawaonyesha vijana mechi ile kila nikipata nafasi. Asiyekubali kushindwa si mshindani, na kuna namna ya kushindwa ambayo inamwacha mtu mrefu kuliko alivyoingia.

Kila mkubwa naye ana mkubwa wake, na hili limetufundisha mengi sisi tunaoitazama APR kutoka upande wa chini. Ndani ya Rwanda APR ndiyo inayozoea kushambulia, na timu kama Etincelles ndiyo inayozoea kujihami. Ikivuka mpaka, mambo yanageuka. Mwaka 2023 katika Ligi ya Mabingwa ya Afrika ilitoka 0-0 na Pyramids ya Misri mjini Kigali, kisha ikaenda Cairo ikafungwa 6-1. Mwaka 2024 wakakutana tena: 1-1 Kigali, 3-1 Cairo. Pyramids hao msimu huo wa 2024-25 wakawa mabingwa wa Afrika, kwa hiyo hakuna aibu kufungwa nao. Swali ni kwa nini mechi ya nyumbani na ya ugenini zinatofautiana hivyo.

Mimi naona hivi. Timu iliyozoea kutawala mechi za ligi yake kwa msimu mzima haina mazoea ya kuteseka. Wiki baada ya wiki mabeki wake wanacheza wakiwa wamepanda, viungo wake wanapokea mpira wakiwa na nafasi. Huwezi kuishi miezi kumi kama tajiri halafu usiku mmoja Cairo ujue kubana matumizi. Kwa hali hiyo timu ndogo za Rubavu zina ujuzi ambao mkubwa hana, na ujuzi huo unastahili kuheshimiwa na kufundishwa kwa utaratibu. Kujihami ni kazi yenye ufundi wake, na wachezaji wake wanastahili sifa kama wafungaji.

Lakini ujuzi huo una mpaka wake, na mpaka huo Amavubi waliugusa mwaka 2024 kwa uchungu. Katika kundi la kuwania Kombe la Mataifa la 2025, Rwanda ilikuwa na Nigeria, Benin na Libya. Dhidi ya Nigeria, timu kubwa kuliko zote katika kundi, Rwanda ilipata pointi nne kati ya sita: 0-0 Kigali mwezi wa Septemba, na ushindi wa 2-1 huko Uyo mwezi wa Novemba, baada ya Nigeria kutangulia kufunga na kisha Ange Mutsinzi na Innocent Nshuti kugeuza mambo ndani ya dakika chache. Dhidi ya Libya, waliomaliza wa mwisho, Rwanda ilipata pointi moja kati ya sita: 1-1 Tripoli, kisha kufungwa 1-0 nyumbani, siku nne tu kabla ya ushindi ule wa Uyo. Rwanda na Benin zikalingana kwa pointi nane, na Benin ikapita kwa sababu ya matokeo ya mechi zao mbili.

Fikiria hesabu hiyo. Timu iliyochukua pointi nne kwa Nigeria ilikosa kufuzu kwa sababu ya pointi ilizopoteza kwa timu ya mkiani. Nionavyo mimi, Nigeria walikuja kucheza, wakaacha nafasi, na Rwanda ilijua la kufanya na nafasi hizo. Libya walikaa nyuma wakasema: haya, mpira huo, tufungeni. Na kumfunga mtu aliyekaa nyuma ni ufundi mwingine kabisa, ufundi wa kutengeneza nafasi pale ambapo hazipo. Mnyonge aliyejifunza kumzuia mkubwa peke yake anakwama akikutana na mnyonge mwenzake.

Hili ndilo linaloniamsha usiku kama mwalimu wa vijana. Katika mashindano ya watoto ni rahisi sana kupata matokeo kwa kujihami na kupiga mipira mirefu. Wazazi wanafurahi, kombe linakuja mtaani. Lakini mtoto wa miaka kumi na miwili ambaye kila Jumamosi anaambiwa "piga mbele, toa hatari" atafika miaka ishirini akijua kutoa hatari tu. Kwa hiyo nimegawa wiki yetu. Siku za mwanzo tunacheza mpira: pasi fupi katika eneo dogo, kugeuka ukiwa na mtu mgongoni, kumtoka mtu mmoja kwa mmoja. Siku moja kabla ya mechi ngumu tunafanya kazi ya mnyonge: kusogea pamoja, kona za kushambulia na za kuzuia, mipira ya adhabu, penalti, na ile hali ya kuongoza 1-0. Kila mmoja lazima aweze kujibu swali la mwalimu wangu kabla hatujaondoka uwanjani. Nikimuuliza winga, "Leo tunawaachia nini?" na jibu lake likatofautiana na la beki wa kati, tunarudi uwanjani, hata kama giza limeanza kuingia.

Kuna mambo mawili ambayo siwaruhusu. La kwanza ni kujiangusha na kujifanya umeumia ili dakika ziende. Najua timu kubwa na ndogo hufanya hivyo, na najua hoja yake. Lakini mtoto anayelala chini akidanganya anawaambia wenzake kwamba mpango wetu hautoshi. La pili ni kumwogopa mtu kwa jina lake au jezi yake. Kabla ya mechi siwatajii wapinzani kwa sifa zao. Nawaambia: namba saba anapenda kuingia ndani kwa mguu wa kushoto, namba nne anachelewa kugeuka. Jina linatisha, tabia inasomeka.

Nawaomba viongozi wa soka wa Rubavu, na wa miji yote inayofanana na wetu, kutoka Huye hadi Kigoma hadi Kisumu: msipime kazi ya kocha wa timu ndogo kwa mechi moja aliyoishangaza timu kubwa, wala msimfukuze kwa mechi moja aliyozidiwa. Mpimeni kwa pointi anazopata dhidi ya timu za kiwango chake, maana huko ndiko ligi inakoamuliwa. Wekeni pesa katika timu za watoto, na mdai kwamba watoto hao wafundishwe kumiliki mpira kabla hawajafundishwa kuuachia. Na wewe kocha mwenzangu unayempokea mkubwa wiki ijayo, kaa na wachezaji wako leo, mkubaliane mtaachia nini, mtakatalia wapi, na mtatokea wapi. Timu isiyokubaliana juu ya hayo matatu imeshafungwa kabla ya filimbi.